Macho Mbele, Sikio kwa Sauti

UJUMBE WA JUMAPILI – ibada ya kwanza na ya pili
Maandiko ya kusoma nyumbani: Mithali 4:25-26, Isaya 30:19-21, Kutoka 21:28-30, Kumbukumbu la Torati 22:8, Hesabu 22:21-34

 

Leo naanza na swali, na tafadhali usinidanganye, kwa sababu jirani yako pengine alikuja kanisani kwa gari lako. Ni nani hapa ambaye wiki hii ameendesha gari huku simu iko mkononi au iko kwa paja, anatafuta njia kwa ramani? Asanteni. Nimeona mikono. Nimeona pia mikono iliyotaka kuinuka ikarudi chini. Bwana ameiona hiyo pia.

Sikuja kutukana ramani ya simu. Ni msaada mkubwa. Wengi wetu tunakumbuka jinsi tulivyokuwa tukielekezwa harusini au matangani: "Ukipita petroli stesheni ya pili, utaona mwembe mkubwa, shuka hapo uulize mama wa mboga." Ukifika, mwembe umekatwa na mama wa mboga amehama! Siku hizi mtu anakutumia lokesheni, unabonyeza, na simu inakupeleka mpaka kwa geti. Waze, Google Maps, chagua unayotaka. Tunamshukuru Mungu kwa maarifa aliyowapa wanadamu.

Lakini wapendwa, baraka ikishikwa vibaya inaweza kumwaga damu. Kisu cha kukata sukuma wiki ni baraka, mpaka umpe mtoto akimbie nacho. Hilo ndilo neno ambalo Roho Mtakatifu ameweka mzigo wake moyoni mwangu wiki hii. Tulipokee.

HATA SIMU YENYEWE INASIKILIZA

Kwanza tuelewe chombo hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu kuna somo ndani yake.

Huko juu, kilomita 20,000 na zaidi kutoka ardhini, kuna setelaiti za GPS zinazozunguka dunia. Marekani ilianza kuzirusha mwaka 1978, zikiwa za jeshi, na baadaye raia wakaruhusiwa kuzitumia. Ili mfumo ufanye kazi dunia yote, zinahitajika setelaiti 24, na kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku. Ndani ya kila moja kuna saa za usahihi wa ajabu. Kazi ya setelaiti ni kutangaza bila kuchoka: "Mimi ni fulani, niko mahali hapa, na saa yangu inasema hivi." Basi.

Wengi hufikiri setelaiti inatuona. Haituoni. Haijui jina lako, haijui kama wewe ni askofu au mwizi. Simu yako ndiyo inayosikiliza. Inapokea sauti za setelaiti 4 au zaidi, inapima kila sauti imechukua muda gani kufika, kisha inapiga hesabu: "Kumbe niko Ngong Road, karibu na Prestige." Ile njia ya kukupeleka unakoenda inatoka kwa ramani, na habari za jamu zinakuja kwa bando lako la data. Lakini kujua uko wapi, hilo simu inalipata kwa kusikiliza.

Mnanielewa? Chombo chenyewe unachokitumainia kikuongoze, chenyewe kinaongozwa kwa kusikia! Haleluya!

Sasa fungua Isaya sura ya 30. Watu wa Yuda walikuwa wamejipangia mambo yao, wanakimbilia Misri watafute msaada kwa farasi, bila kumuuliza Bwana. Lakini Mungu mwenye huruma anawaahidi mwalimu. Na angalia vile uongozi huo utakavyokuja, mstari wa 21. Mtu atakapogeuka kwenda kulia au kushoto, sikio lake litapata neno la kumwonyesha njia ya kufuata. Na neno hilo litatokea wapi? Nyuma yake.

Kwa nini nyuma? Mimi nasema hivi: kitu kilicho nyuma yako huwezi kukitazama huku unatembea. Unaweza tu kukisikia. Kwa hiyo sikio linapokea maelekezo, na macho yanabaki huru kuona njia. Mwambie jirani yako: "Sikio kwa sauti, macho mbele!" Mwambie tena, yule wa upande ule mwingine.

MACHO YAKO NI MALI YA NANI?

Mithali sura ya 4, baba anamfundisha mwanawe namna ya kuishi. Kuanzia mstari wa 23 anagusa moyo, halafu mdomo, halafu macho, halafu miguu. Akifika kwa macho anamwambia ayaelekeze kule anakoenda, bila kuyumba. Halafu mara moja anamwambia apime mahali anapotia mguu. Macho na miguu vinafuatana. Mguu unaenda mahali ambapo jicho limetangulia kuangalia.

Sasa wewe dereva, mguu wako uko kwa mafuta, na jicho lako liko wapi?

Tupige hesabu kidogo, na wanafunzi wa sekondari watanisahihisha. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linasonga mita 22 kila sekunde. Ukiinamisha macho kwa simu kwa sekunde 5 tu, upanue ramani kwa vidole uone kama kona ni hii au ile, umeshaenda mita 111. Uwanja wa mpira wa kimataifa una urefu wa mita 105. Yaani umefunga macho ukaendesha chuma cha tani moja na zaidi kutoka goli hadi goli, na ukapitiliza! Utasema, "Pastor, mimi siendi mbio, niko mjini." Sawa. Kilomita 50 kwa saa, sekunde 3: mita 41. Katika mita 41 za Jogoo Road asubuhi kuna watu wangapi? Kuna mwanafunzi mwenye begi, kuna mama anayevuka na kikapu, kuna kijana wa mkokoteni.

Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa karibu mara 4 zaidi wa kupata ajali kuliko asiyeitumia. Na hapa kwetu Kenya, kwa miaka ya karibuni, watu zaidi ya 4,000 wanakufa barabarani kila mwaka, na kundi linalokufa kwa wingi zaidi si madereva. Ni watu wanaotembea kwa miguu. Yaani anayeangalia simu amefunga mkanda na ana airbag. Anayelipa ni yule ambaye hana hata viatu vizuri.

Tena ramani haioni kila kitu. Mwezi wa Septemba 2022, huko Hickory, North Carolina, Marekani, baba mmoja alikuwa anarudi nyumbani usiku kutoka siku ya kuzaliwa ya binti yake. Akaingia kwa daraja lililokuwa limebomoka tangu mwaka 2013, gari likaanguka mtoni, akafa. Familia yake ilienda kortini ikisema ramani ya simu ndiyo iliyompitisha hapo. Miaka 9 daraja halipo, na familia inasema kwa ramani lilikuwa bado lipo.

Hapa kwetu tuliona mvua za mwaka 2024, jinsi mafuriko yalivyokata barabara na kubeba madaraja. Barabara iliyo sawa jioni asubuhi imekuwa mto. Na mkiwa Nairobi mnajua vile Expressway inapita juu ya Mombasa Road. Kwa ramani, wa juu na wa chini wako mahali pamoja, na simu inaweza kuchanganya. Dereva yuko chini, simu inamwambia atoke kwa njia ya juu, naye anaanza kutafuta njia ambayo haiko. Simu inajua mengi, lakini haijui kama kuna mtoto amekimbia kufuata mpira sasa hivi. Mungu alimpa mtu mwingine kazi ya kumwona mtoto huyo. Huyo mtu ni wewe, na macho yako ni mali ya huyo mtoto kwa hiyo sekunde moja.

NG'OMBE ALIYEJULIKANA

Hapa sasa tunaingia mahali pagumu. Mnivumilie.

Sisi watu wa kiroho ajali ikitokea, haraka sana tunasema ni pepo. Tunasema barabara fulani ina roho inayokunywa damu. Ikifika Desemba tunasema shetani anatafuta kafara za kufunga mwaka. Tunafanya kesha, tunakemea, tunamwaga mafuta ya upako kwa magurudumu. Sikatai vita vya kiroho. Ninaamini shetani anachukia uhai. Lakini tuulize Neno linasema nini kuhusu damu iliyomwagika kwa mkono wa mtu.

Kutoka 21, kuanzia mstari wa 28. Ng'ombe wa mtu akimpiga mwingine kwa pembe mpaka afe, na haikujulikana kwamba ng'ombe huyo ni mkali, mwenyewe hana hatia. Ni ajali. Lakini mstari wa 29 unabadilisha mambo. Kama ng'ombe huyo amezoea kupiga watu, na mwenyewe ameambiwa, na hakumfunga, basi damu hiyo ni juu ya mwenye ng'ombe. Torati haimwulizi mwenye ng'ombe kama alimchukia marehemu. Haimwulizi kama aliomba asubuhi. Inamwuliza maswali mawili: Ulijua? Ulimfunga?

Mpendwa, simu mkononi mwa dereva ni ng'ombe anayejulikana. Hakuna mtu mzima katika Kenya hii ambaye hajaambiwa. Serikali imesema: kutumia simu gari likiwa linaenda ni kosa, na katika kanuni za trafiki za mwaka 2016 faini yake ni shilingi 2,000. Mkeo amekwambia. Mtoto wako wa kiti cha nyuma amekwambia, "Baba, angalia mbele." Kwa hiyo siku ukigonga mtu huku unapanua ramani, usiseme ni pepo. Ng'ombe alijulikana, na kamba ilikuwa mkononi mwako.

Na kuna jambo lingine linalonisumbua, nitalisema kwa upole. Jumapili tunapeana nafasi ya ushuhuda. Ndugu anakuja mbele anasema, "Nilipata ajali mbaya, gari likaharibika kabisa, lakini mimi sikukwaruzwa hata kidole. Mungu ni mwema!" Nasi tunapiga makofi, keyboard inalia. Ni vizuri, tumshukuru Mungu kwa uhai. Lakini tuseme katika ajali hiyo kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyelazwa hospitali akafa. Tuseme mama yake ameketi pale nyuma, kiti cha tatu kutoka mlangoni, amekuja kwa kanisa letu kutafuta faraja. Yeye ashuhudie nini? Aseme Mungu alimwokoa mwenye gari akamsahau mwanawe?

Wapendwa, ushuhuda ambao haumkumbuki aliyelala chini haujakamilika. Kama una damu ya mtu barabarani, kabla ya kupanda madhabahuni kusema umepona, nenda kwa ile familia. Andika taarifa ya kweli polisi. Sema ukweli kuhusu simu. Huo ndio utubu ambao mbingu inautambua, na rehema ya Bwana iko hata hapo. Zaburi ya 51 iliandikwa na mtu aliyekuwa na damu mikononi, na Mungu hakumtupa. Lakini Daudi hakusema ni pepo. Alisema ni yeye.

JENGA UKINGO

Sasa mtu anauliza, "Pastor, kwa hivyo nifanye nini? Nitupe simu?" Hapana. Fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anawaambia watu wake wakijenga nyumba mpya, waweke ukingo darini, ili mtu asianguke kutoka huko na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za wakati huo zilikuwa na dari tambarare, watu walipumzika juu, walilala juu. Bwana hakuwakataza kupanda darini. Aliwaambia wajenge ukingo. Na hakusema, "Omba tu watu wasianguke." Alisema jenga! Imani yenye mikono hujenga ukingo, halafu huomba.

Ukingo wa dereva una mawe manne.

Jiwe la kwanza ni kupanga kabla ya kutoka. Bwana Yesu katika Luka 14 anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba lazima kwanza aketi apige hesabu. Aketi kwanza! Wewe pia keti kwanza, gari likiwa limezimwa. Andika unakoenda, angalia njia yote, jua miji utakayopita. Mtu wa kwenda Kisumu ajue mapema kama anapitia Nakuru na Kericho au anapitia Narok. Kama una dakika mbili za kuomba ulinzi wa safari, una dakika mbili za kuandika anwani.

Jiwe la pili ni simu mahali pake. Si mkononi, si kwa paja, si katikati ya meno. Nunua stendi ya simu uibandike kwa dashibodi mahali ambapo haifuniki barabara. Wanauza kila mahali, hata kwa jamu. Mtu anayenunua gari la mamia ya maelfu anakosaje kununua stendi?

Jiwe la tatu ni kufungulia sauti. Wengi mmezima sauti ya ramani kwa sababu inakatiza muziki wa injili. Mpendwa, punguza huo muziki! Acha yule dada wa ramani aseme, "Baada ya mita mia tatu, pinda kushoto." Neno moja fupi kwa sikio, jicho halijatoka barabarani. Ndiyo Isaya 30 hiyo! Lakini usidhani sikio ni leseni ya kupiga hadithi. Hilo Shirika la Afya Duniani linasema pia kwamba kuongea kwa simu bila kuishika si salama sana kuliko kuongea ukiwa umeishika, kwa sababu akili imeshasafiri. Maelekezo ni sekunde mbili. Umbea wa dakika ishirini si maelekezo.

Jiwe la nne ni kusimama. Ukipotea, ukihitaji kubadilisha njia, ukitaka kusoma meseji ya mwenyeji wako, tafuta petroli stesheni au mahali salama, simama, ufanye mambo yako, kisha uendelee. Na ukikosa kona, usikate leni mbele ya trela! Endelea tu. Umegundua kwamba ukikosa kona ramani haikutukani? Haisemi, "Wewe mjinga, nilikwambia." Inatafuta njia mpya kutoka pale ulipo. Mungu wetu ni hivyo, na zaidi! Wengine hapa mmekosa kona za maisha, mmekosa kona ya shule, ya ndoa, ya kazi, na shetani anawaambia mrudi nyuma kwa nguvu mpaka mjiue. Sikia leo: kutoka hapo ulipo kuna njia. Haleluya! Kukosa kona ni dakika kumi. Kulazimisha kona kunaweza kuwa milele.

NENO KWA WANAOTAFUTA MKATE KWA SIMU

Nawajua ndugu zetu wa teksi za kuitwa kwa simu, na vijana wetu wa boda boda wanaopeleka chakula. Kwenu simu ni jembe. Mteja mmoja bado yuko ndani, simu inalia, safari nyingine imeingia, una sekunde chache za kuikubali au iende kwa mwingine. Mafuta ni ghali, mwenye gari anangoja pesa yake jioni, kodi imefika. Sitasimama hapa kwa hii suti nikwambie ni rahisi.

Lakini nakwambia kama baba: kuna safari ya shilingi mia tatu ambayo bei yake ya kweli ni maisha yako yote. Boda, ukitoa mkono mmoja kwa usukani upanue ramani, umebaki na mkono mmoja, na nyuma yako umebeba mtoto wa mtu. Iache iende. Yule aliyewalisha Israeli mana asubuhi kwa asubuhi hashindwi kukuletea safari nyingine ukiwa umesimama kando ya barabara. Nanyi wateja, mkimwona dereva amesimama asome ramani, msimpigie kelele wala kumpa nyota moja. Anajenga ukingo, na aliye juu ya dari ni wewe.

PUNDA ALIONA

Hesabu 22. Bileamu yuko safarini, mawazo yako mbele kwa yale malipo ya Balaki. Malaika wa Bwana amesimama njiani na upanga. Nabii haoni! Punda anaona. Mara ya kwanza punda anatoka njiani anaingia shambani. Mara ya pili anajibana kwa ukuta, mguu wa Bileamu unaumia. Mara ya tatu analala chini kabisa. Na mara zote tatu, Bileamu anafanya nini? Anampiga yule aliyekuwa akimwokoa.

Sasa sisemi mke wako ni punda. Nimesema sijasema! Lakini aliye kando yako akikwambia, "Weka simu chini," ukamjibu kwa hasira, ukamwambia hata leseni hana, ujue umeshika ile fimbo ya Bileamu. Yeye ameona kitu ambacho wewe hujaona. Abiria wa matatu, nanyi Bwana amewapa kinywa kama cha punda yule. Dereva akiendesha huku anachat, semeni. Kwa heshima, lakini semeni. Usikae ukinong'ona maombi huku unaogopa kusema, "Dere, tafadhali, tuna watoto hapa."

SISI AMBAO HATUENDESHI

Kuna mtu ameketi anasema, "Hili si langu, mimi sina gari." Ni lako. Ukimpigia mumeo mara sita na unajua yuko barabarani, ukimuuliza "umefika wapi?", mkono wako pia uko kwa usukani. Kamati ya harusi, kamati ya mazishi, tumeni lokesheni jana, si wakati watu wako njiani wanaulizana kwa grupu. Viongozi wa sela, msimtarajie mtu ajibu meseji akiwa safarini.

Na nianze na nyumba ya Mungu. Kuanzia wiki hii, dereva wa basi la kanisa hatapigiwa simu na mtu yeyote akiwa barabarani, hata kama ni ofisi ya pastor. Shemasi anayeketi mbele ndiye atakayeshika ramani na kupokea simu. Ibada ikianza bila kwaya kwa sababu basi limechelewa, tutaimba bila kwaya. Afadhali kwaya ifike ikiwa imechelewa kuliko tuimbe nyimbo za mazishi yao.

WITO

Wapendwa, barabara ni mahali pa kumpenda jirani kama nafsi yako, na jirani huyo mara nyingi humjui jina. Hutamwona mbinguni ukimwambia, "Samahani, nilikuwa natafuta kona." Leo, kabla ya ushirika, kila mwenye leseni na kila mwenye boda asimame. Weka simu yako kwa kiti. Inua mikono mitupu mbele za Bwana. Hiyo mikono ndiyo inayoshika usukani, na watoto wa watu wako mbele yake.

OMBI

Baba katika jina la Yesu, tunakuletea macho yetu na masikio yetu. Utusamehe haraka yetu na kiburi chetu cha barabarani. Wafariji waliopoteza wapendwa wao kwa uzembe wa mtu mwingine. Usiwaache peke yao, na utupe sisi kanisa moyo wa kuwatafuta. Aliyemwaga damu na anaficha, mpe ujasiri wa kusema kweli, umpe na rehema. Wafanyakazi wa barabarani uwape mkate wao bila kuuza uhai. Tufundishe kujenga ukingo, na tukishajenga, utulinde. Tufikishe salama, na tusiwe sisi sababu ya mwingine kutofika. Amina na Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA SELA

1. Soma Kutoka 21:28-30. Mbali na simu, ni "ng'ombe" gani mwingine tunayemjua na hatujamfunga nyumbani, kazini au barabarani?
2. Kwa nini ni rahisi kwetu kulaumu pepo kuliko kuangalia mkono wetu wenyewe? Tunawezaje kuomba na kujenga ukingo pamoja?
3. Je, kuna familia katika mtaa wetu iliyopoteza mtu barabarani? Sela itawatembelea lini, na nani ataongoza?
4. Kila dereva aseme mbele ya wenzake ni jiwe lipi kati ya yale manne atakaloliweka wiki hii, na mwenzake amfuatilie Jumapili ijayo.